Kuchakaza zimwi: akriliki, rangi ya mafuta au unga wa rangi?

Zimwi lililopakwa rangi vizuri lakini halijachakazwa huonekana kama limetoka kuoga. Ngozi imetakata, kucha zinang'aa, jiwe mkononi halina hata vumbi. Kiumbe wa pangoni, anayelalia mawe yenye unyevu na kuota uyoga mgongoni, hawezi kuwa hivyo. Kumpa uchafu wake, unyevu wake na kutu ya minyororo yake ndiko tunakokuita kuchakaza. Wengi huiogopa hatua hii kwa sababu huja mwishoni, baada ya saa nyingi za brashi, na kosa moja laweza kufunika kazi ya wiki nzima.

Mfano wangu ni Dankhold Troggoth, zimwi la pangoni lililotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani uitwao Warhammer Age of Sigmar. Ni sanamu ya plastiki yenye karibu kila kitu kinachomtesa mpakaji: ngozi tupu iliyotanda, mikunjo ya tumbo, uyoga, na gongo la jiwe. Chuma ni haba, ndiyo maana mimi huliongezea mnyororo wa mkufu uliokatika. Nimeshapaka matatu ya aina hii. La kwanza nililichakaza kwa akriliki, la pili kwa rangi ya mafuta, la tatu kwa unga wa rangi. Watu wakiyaona kabatini huniuliza ni lipi lililofanikiwa zaidi, nami huwauliza kwanza wanataka kulifanyia nini la kwao.

Tupime kwa vipimo gani

Kipimo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni muda wa kujirekebisha. Ukishaweka uchafu mahali, una muda gani wa kuuondoa kabla haujawa wa kudumu? Akriliki hukupa dakika. Rangi ya mafuta hukupa saa nyingi, pengine siku. Unga hukusubiri mpaka wewe mwenyewe uamue kuugandisha. Tofauti nyingine nyingi kati ya njia hizi zinatokana na hiyo moja.

Kipimo cha pili ni aina ya uchafu unaotaka. Tazama bati kuukuu: kutu huanzia kwenye tundu la msumari na kwenye ukingo, kisha mvua huivuta kwenda chini kwa mchirizi unaofifia. Tazama ukuta wa mawe ya matumbawe wa Mji Mkongwe, Zanzibar: weusi hukaa pale maji ya paa yanapodondokea, si ukuta mzima. Mtazame ng'ombe aliyepita matopeni: kwenye kwato tope bado bichi na jeusi, juu kwenye goti limeshakauka na kupauka. Huo ni mchirizi, doa na vumbi, na kila njia ina mmoja kati ya hao watatu inaouweza kuliko wenzake.

Vipimo vilivyobaki ni vya kawaida. Je, zimwi litashikwashikwa mezani au litakaa kabatini? Vifaa vinapatikana wapi na vinakula kiasi gani cha mfuko? Na je, vina madhara gani kwa kifua chako na kwa nyumba?

Pale njia zote zinapoanzia

Osha vipande kwa maji ya sabuni, viunganishe, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikia nyingine), weka rangi za msingi na zile nyepesi za mwanga kwenye sehemu za juu kama kawaida. Kuanzia hapo, kinachotofautiana ni uso wa sanamu. Majimaji hutaka uso laini unaoteleza ili yakimbilie mikunjoni, kwa hiyo chini ya rangi ya mafuta paka vanishi inayong'aa. Unga hutaka uso wenye mkwaruzo wa kushikia, kwa hiyo chini yake paka vanishi isiyong'aa.

Neno moja kwa walio pwani. Vanishi ya kopo la kupuliza ikikutana na hewa iliyojaa unyevu inaweza kukauka na utando mweupe kama ukungu. Masika moja nilipoteza mgongo mzima wa zimwi kwa njia hiyo. Tangu hapo napaka vanishi ya maji kwa brashi pana na laini, tabaka mbili nyembamba, na kopo nalitumia siku kavu tu.

Akriliki

Ni rangi ya maji yenye chembe za plastiki ndani yake. Maji yakishaondoka chembe hizo hushikana, na baada ya hapo maji hayawezi tena kuiyeyusha. Kwa kuchakaza huwa tunaitumia kwa namna tatu: majimaji ya kahawia au meusi yanayoachwa yazame mikunjoni, brashi kavu inayopitishwa juu ya kingo, na kipande cha sponji kinachodonoa madoa. Majimaji maarufu kuliko yote pengine ni Agrax Earthshade ya Citadel, chapa ya rangi ya Games Workshop, iliyoingia mwaka 2012 kuchukua nafasi ya Devlan Mud. Mwaka 2019 Citadel walileta pia Contrast, rangi inayopaka na kutia kivuli kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni ya kuanzia zimwi zaidi kuliko ya kulichakaza.

*Muda wa kujirekebisha.* Mfupi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, feni ikizunguka, majimaji huanza kukauka kingoni ukiwa bado unachovya. Hapo ndipo zinapotokea zile alama zenye ukingo, mfano wa mstari unaoachwa mchangani maji yakipwa. Kwenye tumbo pana la zimwi zinaonekana toka mbali. Zima feni, paka sehemu moja kwa wakati, na uwe na brashi ya pili yenye unyevu ya kunyonya kinachojikusanya. Sahani yenye sponji iliyoloweshwa na karatasi ya kuokea juu yake huweka rangi bichi kwa saa kadhaa.

*Ngozi, jiwe na chuma.* Jiwe ndilo lake. Gongo la zimwi likipakwa kijivu, likamwagiwa majimaji ya kahawia, kisha likapitishwa brashi kavu ya kijivu chepesi, linakuwa jiwe ndani ya nusu saa. Kwenye chuma, sponji yenye kahawia ya kiza hutoa mabanduko ya rangi yanayoaminika sana, na Citadel wana Typhus Corrosion yenye chengachenga ndani, ambayo ukiipitishia Ryza Rust ya rangi ya chungwa kwa brashi kavu unapata kutu nene ya haraka. Kwenye ngozi ndiko inakopwaya: mpito wa rangi hadi rangi unadai tabaka nyingi nyembamba na mkono uliozoea.

*Mezani na mfukoni.* Inastahimili kushikwa kuliko zote, hasa ikifunikwa na vanishi. Vichupa ni vidogo na si rahisi, lakini kimoja cha majimaji ya kahawia kinatosha mazimwi mengi. Akriliki za wachoraji kutoka maduka ya vifaa vya sanaa zinaweza kufanya kazi ya sponji na brashi kavu bila tatizo. Kwa majimaji ya mikunjoni sizipendekezi, kwani ukizizimua sana kwa maji matupu hukauka kwa mabaka.

*Kifua na moto.* Hakuna harufu kali, hakuna moto, brashi inaoshwa bombani.

*Inamfaa* anayepaka jeshi zima pamoja na zimwi lake, anayepaka sebuleni watoto wakiwepo, na anayeanza.

Rangi ya mafuta

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoogopwa bure. Mbinu yenyewe si ya wapaka mazimwi. Ilikuzwa na waundaji wa vifaru vya kivita na ndege za mfano, na miongoni mwa walioieneza ni Mbelgiji François Verlinden na Mmarekani Shepard Paine. Kifaru kilichopita matopeni na zimwi lililotoka pangoni wana shida ileile, ndiyo maana mbinu ilihama bila taabu.

Nunua tyubu moja ya rangi ya mafuta ya wachoraji, ile ya kahawia iliyoandikwa Burnt Umber. Kamua kiasi cha punje ya mtama juu ya kipande cha boksi, uiache nusu saa. Boksi litanyonya mafuta ya ziada, na rangi itakapokauka haitang'aa. Izimue kwa tapentaini isiyo na harufu mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Ipake juu ya zimwi zima lililokwisha vanishi inayong'aa. Litatisha kwa uchafu. Liache dakika 20 hadi 30, kisha chukua kijiti cha pamba kilichonusishwa tapentaini, kikiwa karibu kikavu, ufute. Kwenye mbavu futa kuelekea chini, ili kinachobaki kifuate njia ya maji. Kwenye tumbo futa katikati, acha pembeni. Baada ya dakika kumi una ngozi yenye kina ambacho kwa akriliki kingekugharimu jioni mbili.

Mchirizi nao ni rahisi hivyohivyo. Weka nukta ya rangi isiyozimuliwa chini ya mnyororo, chukua brashi bapa yenye unyevu kidogo wa tapentaini, uivute kwenda chini mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mvuto unaififisha zaidi. Ukiona umezidisha, futa uanze upya, na kesho yake bado inakubali kulainishwa.

*Muda wa kujirekebisha.* Huu ndio utajiri wake. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa mafuta ya kitani kushikana polepole na oksijeni ya hewani. Burnt Umber ina madini ya manganizi ndani yake, na manganizi huharakisha ukaukaji, kwa hiyo tabaka jembamba aghalabu hushikika baada ya siku moja au mbili. Nyeusi hukawia zaidi. Ubaya ni upande wa pili wa wema huohuo: zimwi haliguswi mpaka likauke, na vumbi la nyumba nalo hunata. Ligubike na ndoo.

*Ngozi, jiwe na chuma.* Ngozi na michirizi ndiyo milki yake. Nukta ndogondogo za kijani, zambarau na njano zilizofutwa karibu zote hulipa zimwi damu chini ya ngozi, na sijaona kingine kinachofanya hivyo kwa mkono wa kawaida. Kwenye jiwe inafaa lakini inalainisha mno, gongo linakuwa kama limetoka mtoni. Kwenye chuma hufanya mchirizi wa kutu vizuri, ila si chengachenga zake.

*Mezani na mfukoni.* Ikikauka kabisa na kuvishwa vanishi, inafaa kuchezewa. Tyubu moja ni ghali kuliko kichupa kimoja, ila itakudumu miaka. Tapentaini iko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chagua ile safi, na uijaribu kwanza juu ya kijiko cha plastiki kilichopakwa rangi na vanishi yako, kwani zipo kali zinazong'oa rangi ya chini. Usiimwage kamwe juu ya plastiki tupu: inaweza kuidhoofisha, hasa penye maungio. Asiyetaka kuchanganya kuna enameli, rangi nyingine za tapentaini, zilizokwisha zimuliwa, kama Streaking Grime ya AK Interactive ya Hispania, nazo hufutwa kwa namna hiyohiyo.

*Kifua na moto.* Madirisha wazi, mbali na jiko na mshumaa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwekunjwe na kutupwa kwenye pipa, maana vinaweza kujipasha vyenyewe hadi kuwaka. Mimi huvitandaza nje vikauke.

*Inamfaa* mwenye zimwi moja analolipenda, mwenye subira ya siku chache, na, ajabu, mwenye mkono mzito. Kwa kuwa kila kitu kinafutika, asiye na wepesi wa brashi hufika mbali kwa njia hii kuliko kwa akriliki.

Unga wa rangi

Ni rangi kavu isiyo na kitu cha kuishikiza: chembe tupu, nyingi zikiwa oksidi za chuma. Kutu ya kweli nayo ni oksidi ya chuma, kwa hiyo unapopaka unga mwekundu juu ya mnyororo huigi kutu kwa mbali, unatumia ndugu yake wa damu. Kampuni za Hispania, Vallejo na AMMO, zinauza vichupa vyake vyenye majina ya tope, vumbi na majivu. Ila ule unga mwekundu tunaochanganya na saruji kupaka sakafu ni wa familia hiyohiyo. Uchekeche kwa kitambaa chepesi, chukua ulio laini kabisa, nao utakufanyia kutu ya mazimwi hamsini. Chaki nyeupe iliyosagwa na kuchanganywa nao kidogo hutoa vumbi la barabara ya udongo mwekundu ambalo sijaliona kwenye kichupa chochote.

*Muda wa kujirekebisha.* Usio na kikomo, mpaka ugandishe. Unadonoa kwa brashi kuukuu, unapuliza, unafuta kwa kidole. Kugandisha hufanywa kwa kudondoshea spiriti ya isopropili au tapentaini pembeni, ukiiacha ijitambae yenyewe. Shida ni kwamba ukilowa unga huwa na kiza, ukikauka hupauka, kwa hiyo hujui hasa ulichopata mpaka saa moja baadaye.

*Ngozi, jiwe na chuma.* Miguu, kitako cha kusimamia na kutu. Tope lililokauka kwenye nyayo, weupe wa vumbi magotini, kutu ya unga ndani ya pete za mnyororo: hapo hauna mshindani, kwani hauonekani kama rangi, unaonekana kama kitu chenyewe. Kwenye ngozi iliyo wazi huifanya ionekane imekauka, jambo baya kwa zimwi linaloishi kwenye unyevu.

*Mezani na mfukoni.* Hapa ndipo unaposhindwa. Kushika mara kumi kunatosha kuhamishia vumbi la magotini kwenye vidole vyako. Ukipulizia vanishi ya kuulinda, nusu ya uzuri unazama: rangi inaiva kiza na ule ukavu unapotea. Unaweza kupaka mwingi kupita kiasi ukijua vanishi itaula, lakini hiyo ni kubahatisha. Gharama ni ndogo.

*Kifua na moto.* Vaa barakoa, zima feni, tandika gazeti. Chembe hizi ni laini sana na zinaingia kifuani. Unga wa sakafu, juu ya hayo, hautoki kwenye shuka.

*Inamfaa* mwenye sanamu ya kabatini, na yeyote anayetaka miguu ya zimwi lake iwe ya ardhi fulani anayoijua.

Uchague ipi kwa hali yako

Una mechi Jumamosi na leo ni Alhamisi: akriliki, bila kusita. Majimaji ya kahawia, brashi kavu juu ya jiwe, sponji kwenye mnyororo, vanishi, tayari.

Ni zimwi lako la kwanza na unaogopa kuliharibu: mazoea ya wengi ni kumpa anayeanza akriliki, nami nakubali kwa sababu ya usalama na urahisi. Lakini kama una chumba chenye hewa na hofu yako ni ya kukosea tu, jaribu mafuta. Njia inayokuruhusu kufuta kesho inaondoa hofu kuliko njia rahisi inayokauka kabla hujafikiri.

Unaliandaa kwa mashindano, labda ukiwa na ndoto ya Golden Demon, mashindano ya upakaji ya Games Workshop yanayofanyika tangu 1987: mafuta kwenye ngozi, unga miguuni, na akriliki kwa mikwaruzo ya mwisho yenye ukali. Mfuatano ndio muhimu. Anza na akriliki, vanishi inayong'aa, mafuta, yaache yakauke kabisa, vanishi isiyong'aa, kisha unga mwisho kabisa usiofunikwa na chochote.

Unaishi chumba kimoja na familia, au kuna mwenye pumu: baki na akriliki. Hata kutu na vumbi vinawezekana kwa brashi kavu, kwa muda zaidi kidogo.

Masika yameanza na nguo hazikauki: mafuta hayasumbuliwi sana na unyevu, ni vanishi ya kupuliza ndiyo inayosumbuliwa. Fanya kazi ya mafuta, vanishi ya brashi, na unga usubiri siku kavu.

Zimwi litachezwa kila wiki lakini unataka miguu yenye tope la kweli: changanya unga na vanishi kidogo ya maji isiyong'aa mpaka uwe uji mzito, uudonoe nyayoni kwa brashi mbovu. Unapoteza ule upauko wa vumbi tupu, ila tope linashika kama saruji. Zimwi langu la tatu nililitengeneza upya hivyo baada ya miezi ya kulishika, na juu ya tope lililokauka nikadondosha vanishi inayong'aa mahali viwili vitatu tu, kati ya vidole vya mguu, pale maji ya pangoni yangetuama.